Mkono Usio na Haraka

Jirani yetu alipofiwa na mumewe, nilikwenda kumhani pamoja na wanawake wengine wa mtaa, tukamkuta ameketi mkekani, macho makavu, mwili umemkakamaa, na kila mmoja wetu akamwambia maneno ambayo desturi imeyaweka tayari kwa saa kama ile: pole, subira, kazi ya Mola haina makosa, sote njia yetu ni moja. Yote aliyaitikia kwa kichwa tu. Kisha akaingia bibi mmoja mkongwe, akavua viatu mlangoni, akajongea taratibu, akaketi nyuma yake bila ya kusema neno, akamvutia kifuani pake, na kwa kiganja cha mkono wa kulia akaanza kumpapasa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, akarudi juu, akashuka tena, polepole, kama anyooshaye kitambaa chororo. Haukupita muda mrefu, mabega ya mfiwa yakalegea, pumzi zikatua, machozi yakamtoka. Na baada ya machozi akaomba uji, naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake.

Mimi ni muuguzi, na mambo kama haya nimeyaona mara nyingi wodini na majumbani, lakini kwa miaka mingi niliyahesabu kuwa ni jamala na ihsani tu, mambo mema yasiyo na nafasi katika elimu ya tiba, mpaka nilipojifunza kwamba mkono wa bibi yule ulikuwa ukienda kwa mwendo ule ule ambao ngozi ya mwanadamu imeumbwa kuusubiri.

Chini ya ngozi yetu zimetandazwa neva za namna nyingi. Zipo zenye mbio, zinazopeleka habari kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde, nazo ndizo zinazotujulisha kwamba tumeguswa, tumeguswa wapi, na kilichotugusa kina sura gani. Lakini zipo na nyingine, nyembamba, zisizovikwa ala ya mafuta, ambazo habari zake hutembea kwa mwendo wa kama mita moja tu kwa sekunde; na wataalamu wa Sweden, miongoni mwao Åke Vallbo na Håkan Olausson, waliozipima neva hizi kwa sindano nyembamba mno katika mikono ya watu walio macho, waliona kwamba huamka zaidi pale ngozi inapopapaswa kwa mwendo wa baina ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, tena kwa kitu chenye joto kama la ngozi ya mwenzio, nyuzi 32 hivi. Mkono ukienda mbio kuliko hapo, neva hizi huzubaa. Ukienda kwa kukawia mno, huzubaa vile vile. Nazo zimejaa mahali penye vinyweleo, kama vile mkononi, mgongoni na usoni, ilhali kiganjani hazipatikani ila kwa nadra.

Kazi yake ni nini? Jawabu lilipatikana kwa mwanamke mmoja ambaye maradhi yalimwondolea zile neva za mbio, zikabaki hizi za taratibu peke yake. Mwaka 2002 Olausson na wenzake walieleza kwamba alipopitishiwa brashi laini mkononi, hali amefumba macho, mwanamke huyo aliyekuwa akisema hana tena hisi ya kuguswa alihisi kitu hafifu, tena cha kupendeza. Na picha za ubongo wake zilionyesha kwamba habari ile haikwenda kwenye sehemu inayopambanua umbo na mahali, bali ilikwenda ndani zaidi, kwenye sehemu inayohusika na hali ya mwili na hisia za moyo. Basi ni kana kwamba Muumba aliweka ndani ya ngozi tarishi wawili, mmoja wa kuleta habari na mwingine wa kuleta faraja, na huyu wa pili haji kwa mtu mwenye haraka.

Wala isidhaniwe kwamba ngozi peke yake yatosha, na aliyegusa ni nani haidhuru. Mwaka 2006 James Coan na wenziwe huko Marekani waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawatahadharisha kwamba huenda wakapigwa umeme kidogo mguuni; ubongo wa mwanamke aliyekuwa peke yake uliwaka kwa hofu, wa aliyeshikwa mkono na mtu asiyemjua ulitulia kidogo, na wa aliyeshikwa na mumewe ulitulia zaidi, hasa ikiwa ndoa yao ilikuwa njema. Ndiyo maana sikubaliani na wanaohimiza watu wakumbatiane ovyo. Kwetu pwani mwanamume hamkumbatii mke wa mtu msibani, bali huketi barazani, akakaa, na kukaa kwenyewe ni faraja. Na mtu aliyepata kudhulumiwa mwili wake huenda mkono wa ghafla ukamtisha badala ya kumtuliza. Mkono mwema huomba idhini, walau kwa macho.

Lakini ushahidi ulionigusa kuliko wote ni wa watoto njiti. Katika wodi ya kwanza niliyofanyia kazi, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake alilazwa peke yake chini ya taa ya joto, na mama yake akaruhusiwa kumtazama kwa nyakati, amesimama, mikono imefungamana kifuani kama mgeni. Nasi tulijiona tunamlinda. Kumbe tangu mwaka 1978, mjini Bogotá, nchini Kolombia, ambako vitamizi vilikuwa haba na watoto wakilazwa wawili wawili, tabibu Edgar Rey Sanabria alikuwa amekwisha wafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8: waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila ya kungoja kwanza hali zao zitengemae, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28; waliongojeshwa walifariki karibu 16. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwangojesha wengine.

Katika utafiti huo, mama alipokuwa hawezi, ndugu aliyechaguliwa alishika nafasi yake, naye pia alitosha. Basi nawaomba waliokabidhiwa wodi za watoto wachanga katika nchi zetu watoe mahali pa kitanda cha mama kando ya mtoto, na kiti cha kuegemea cha shangazi au bibi, na wasimhesabu mwanamke aliyejifunga kanga na njiti kifuani kuwa mgeni wa kuambiwa saa za kuona wagonjwa zimekwisha.