Mgongo wa Mama Mjamzito: Alaleje, Aketije, Ainameje?

Akina mama wengi wenye mimba kubwa hulalamika kuwa mgongo unawauma. Wakilala chali husikia kizunguzungu, moyo huenda mbio na jasho huwatoka. Nyumbani wengine hudhani ni uvivu au deko. Sivyo. Mwezi huu tueleze yanayotokea mwilini.

Uti wa mgongo ni mifupa midogo, yaani pingili, iliyopangwa moja juu ya nyingine. Pingili 5 za kiunoni ndizo zenye mzigo mkubwa, na hapo mgongo umepinda kidogo kuelekea mbele. Mimba inapokua, uzito humvuta mama mbele. Ili asianguke hujirudisha nyuma, na mpindo huo huongezeka. Wakati huohuo homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga, ili mtoto apate njia. Basi misuli ya mgongo hufanya kazi ya ziada, huchoka na kuuma.

Na kwa nini kulala chali kunaleta shida? Mbele ya pingili za kiuno hupita mishipa miwili mikubwa ya damu: mmoja hupeleka damu sehemu za chini, na mwingine, ulio upande wa kulia, huirudisha moyoni. Mama akilala chali, mji wa mimba huibana mishipa hiyo juu ya uti wa mgongo. Damu inayorudi moyoni hupungua, presha inaweza kushuka, na mtoto naye hupata damu pungufu. Damu iliyozuiwa hutafuta njia nyingine kupitia mishipa midogo iliyo ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Mishipa hiyo hujaa na kupunguza nafasi ndani ya mfereji. Hii ni sababu mojawapo ya mama anayejifungua kwa upasuaji kupewa ganzi ya mgongoni kwa kipimo kidogo kuliko mtu asiye na mimba. Mama akigeukia ubavu, mzigo huo huondoka juu ya mishipa na damu hupita vizuri.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Kuanzia wiki ya 28, lala kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Weka mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Ukizinduka usiku umelala chali, usiogope, geuka tu.

2. Ukitaka kuamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jiinue kwa mikono.

3. Keti mahali penye egemeo, nyayo zikikanyaga chini. Usikae wala kusimama muda mrefu bila kubadili mkao.

4. Ukiokota kitu, kunja magoti, usipinde kiuno. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20: aibebe mtu mwingine.

Lakini si kila maumivu ya mgongo ni ya kuvumilia. Yakija na kuondoka kwa vipindi, huenda ni uchungu wa kuzaa. Yakiambatana na damu, homa, maji kutoka ukeni, maumivu wakati wa kukojoa, miguu kufa ganzi au mtoto kupunguza kucheza, nenda kituo cha afya mara moja, usingoje siku ya kliniki.

Nanyi akina baba, mke akiomba msaada wa ndoo au jembe, msimwite mvivu. Mgongo wake umebeba watu wawili.