Mpira wa Kupumulia: Tabo Hulaumiwa Bure

Ndugu msikilizaji, leo naomba unifuate hadi Ijuganyondo, hapa hapa Bukoba, kwenye gereji moja iliyo chini ya mparachichi. Jumamosi ya juma lililopita niliitwa huko na jamaa yangu mmoja, mfanyabiashara wa kahawa, ambaye gari lake la dizeli lilikuwa limemchosha. Gari hilo lina injini ya Toyota aina ya 1KZ-TE, lita 3, silinda 4, yenye tabo. Hii ni injini iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1990, ikaenea mno Afrika Mashariki ndani ya Prado na Hilux Surf zilizoletwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani.

Kila alipopanda kilima kutoka mjini, nyuma yake palitanda moshi wa rangi ya buluu na watoto wa shule wakaziba pua. Oili ilipungua kila juma. Sili ya mbele ya kranki ilikuwa ikivuja. Ajabu zaidi, stiki ya kupimia oili ilikuwa ikijichomoa yenyewe, kama mtu anayechungulia dirishani.

Alikwisha kuambiwa kwamba tabo imekufa. Basi alikuwa akipiga hesabu ya kuuza magunia yake ya kahawa kabla bei haijapanda, avuke Mutukula kwenda Kampala kutafuta tabo nyingine iliyotumika. "Waitu," aliniambia, "hiyo pesa ndiyo ada ya watoto." Nikamwomba asubiri nusu saa.

Sasa tuanze na jambo ambalo wengi wetu tunaoendesha magari hatujalitafakari: injini hupumua. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na kati yake na ukuta wa silinda kuna ringi. Ringi hizo, hata ziwe mpya namna gani, haziwezi kuziba kila kitu. Kila moto unapowaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka kwenye chumba cha kranki, pale panapokaa oili. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, utaisikia kwenye kiganja chako. Hiyo ndiyo pumzi ya injini. Imechanganyika moshi, mvuke wa maji, mafuta ambayo hayakuungua, na matone ya oili madogo kama ukungu wa asubuhi ziwani.

Pumzi hiyo lazima itoke. Ikizuiwa, presha hupanda ndani ya chumba cha kranki na kujitafutia njia yenyewe: kwenye sili za kranki, kwenye gasketi ya tapeti kava, kwenye tundu la stiki. Zamani magari yalikuwa na bomba tu lililoning'inia chini, likitapika pumzi barabarani. Kule California, Marekani, ambako moshi ulikuwa umelifunika jiji la Los Angeles, ilikuja kubainika kwamba pumzi hii ya chini ni sehemu kubwa ya uchafu wa magari. Mwaka 1961 jimbo hilo likaanza kutaka magari mapya yawe na mfumo wa kuirudisha ndani ya injini ikaungue. Ndiyo asili ya ule mpira unaotoka juu ya tapeti kava, ambao mafundi wetu huuita mpira wa kupumulia, au brida.

Kwenye injini ya tabo mambo yanakuwa magumu kidogo, nami naomba uvumilivu wako hapa kwa sababu ndipo lilipofichika tatizo la jamaa yangu.

Tabo ni mapanga mawili kwenye shafti moja. Panga la kwanza huzungushwa na moshi wa ekzosi, na la pili husukuma hewa kwenye silinda. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiongezeka na dizeli ikiongezeka, presha juu ya pistoni huwa kubwa zaidi, na pumzi inayopenya chini huwa nyingi zaidi. Mpira wa kupumulia huipeleka pumzi hiyo kwenye bomba la hewa lililo kati ya ea klina na tabo. Hapo tabo inavuta kwa nguvu. Kwa hiyo mpira huu, tofauti na mpira wa rejeta, hausukumwi kutoka ndani, hufyonzwa. Kama ni laini, utanywea.

La pili ni oili ya tabo yenyewe. Shafti huelea juu ya oili inayoletwa kwa presha ya pampu. Lakini oili hiyo ikishafanya kazi yake hairudi kwa nguvu ya pampu. Hurudi kwenye sampo kwa uzito wake tu, kama maji ya mvua yanavyoshuka kwenye mfereji wa bati. Chumba cha kranki kikiwa na presha, oili inakataa kushuka. Inajaa ndani ya nyumba ya tabo, inapenya kwenye sili ndogo za shafti, nyingine inakwenda kwenye njia ya hewa na nyingine kwenye ekzosi. Unapata moshi wa buluu. Fundi anafungua bomba la hewa, anakuta oili inachuruzika, anatangaza msiba: tabo hii basi tena! Mwenye gari ananunua nyingine, inafungwa, na baada ya siku chache nayo inatoa moshi. Hapo huambiwa kwamba ameuziwa tabo mbovu.

Pale Ijuganyondo tulimwomba kijana mmoja apige resi huku sisi tukiutazama mpira wa kupumulia. Ukanywea mbele ya macho yetu, ukajifunga bapa kama mrija wa soda uliofyonzwa na mtoto mwenye kiu. Tulipoufungua tulikuta si mpira wa asili. Kilikuwa kipande cha mpira wa maji, kilichokatwa na fundi fulani wa safari za nyuma. Kwa nje kilikuwa cheusi, safi kabisa. Kwa ndani kilikuwa kimevimba hata tundu likabaki dogo kama la kalamu, nacho kimelainika kama andazi lililolowekwa kwenye chai.

Simlaumu sana fundi yule, kwa sababu mipira yote myeusi hufanana. Lakini si ndugu. Mipira mingi ya rejeta hutengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao EPDM. Huu huvumilia maji ya moto miaka mingi, ila oili ni adui yake. Huifyonza na kuvimba. Mipira ya oili na mafuta mara nyingi hutengenezwa kwa naitraili, yaani NBR, ambayo haiathiriki sana na oili, lakini nayo ikikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya digrii 100 hukauka na kupasuka. Karibu na tabo joto ni kali, ndiyo maana viwanda vya magari huweka huko mipira ya bei ya juu zaidi, ya aina za akriliki au FKM, inayostahimili oili na joto kwa pamoja. Dukani usiulize tu "mpira wa inchi ngapi." Uliza ni wa nini. Na kama muuzaji hajui, nunua kipande kifupi, kipime unene, kiloweke kwenye oili ya injini juma zima, kisha ukipime tena. Kikivimba, kirudishe kwenye kazi ya maji.

Najua baadhi ya vijana wanaonisikiliza wanasema moyoni: mzee, sisi tumeshaweka silikoni. Mipira ya silikoni, ya buluu na nyekundu, inapendeza kweli bonati ikifunguliwa, na kwa bomba la hewa ya tabo ni kitu kizuri. Huvumilia joto karibu na digrii 200. Lakini silikoni ya kawaida haipatani na oili ya moto. Oili hupenya taratibu, mpira unatoa jasho kwa nje, unavuta vumbi, unalegea. Kwa kazi ya kupumulia inatakiwa silikoni yenye utando wa fluoro kwa ndani, na hiyo si ile inayouzwa kwa rangi. Ukipata mpira wa asili, hata mweusi usio na mvuto, chukua huo.

Upana wa tundu usipunguzwe hata kidogo. Klipu isikazwe hadi ikaukata mpira. Na mpira usiachwe ukaning'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo, maana maji yatatuama pale. Bukoba yetu hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hewa ni ya unyevu, na safari zetu nyingi ni fupi: nyumbani, sokoni, Rwamishenye, kurudi. Injini haipati muda wa kupata joto la kukausha mvuke. Ukikuta uji mweupe chini ya kifuniko cha oili, usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Huenda ni unyevu tu uliokosa njia ya kutokea. Tembeza gari hadi Muleba na kurudi, kisha uangalie tena.

Kuna wanaoona njia rahisi ni kuung'oa mpira wa kupumulia kabisa na kuuelekeza chini ya gari. Matokeo yake ni harufu ndani ya gari, oili juu ya injini, na mwisho hatari kubwa: lile tundu kwenye bomba la hewa, ambalo mpira ulikuwa umelichomekea, huachwa wazi au huzibwa kwa kitambaa. Tundu hilo liko baada ya ea klina. Vumbi lote jekundu la barabara zetu linaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo na kutoka hapo kwenye silinda. Ringi zinakwisha, pumzi inaongezeka, na safari hii ni kweli gari limekufa.

Lipo na jambo la kuogofya ambalo sharti niliseme. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto; chochote kinachoweza kuungua kikiingia kwenye silinda, kitaungua. Oili ikifyonzwa kwa wingi kupitia mpira wa kupumulia, mathalani mtu amejaza oili kupita alama ya stiki, injini huweza kuanza kuinywa kama mafuta. Inapanda resi yenyewe. Unazima ufunguo, haizimi! Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu kabisa, achia klachi izimike. Kwa gari la otomatiki dawa ni kuiziba hewa, lakini si kwa kiganja, maana mvuto huo unajeruhi, na injini inaweza kupasuka ukiwa umeiinamia. Kama hakuna kifaa cha kuizibia, jitenge nayo.

Wenye Subaru za petroli zenye tabo nisiwasahau. Ninyi mna valvu ndogo ya PCV inayoelekea kwenye manifoldi. Tabo inapojaza hewa, valvu hiyo lazima ijifunge, la sivyo presha ya tabo inashuka kwenye chumba cha kranki. Itoeni, itikiseni, isipolia, ni uchafu umeiganda. Na mipira yake ikiwa migumu kama ukuni, ibadilisheni kabla haijavunjikia mkononi.

Tukirudi kwa jamaa yangu: tulipata mpira unaofaa, tukaukausha mfumo wa hewa kwa kumwaga oili yote iliyotuama kwenye mabomba, tukatazama shafti ya tabo kwa kidole. Haikuwa na mchezo wa kugusa ukuta. Kifuniko cha oili tulichokiweka juu ya tundu lake bila kukifunga kilitetemeka kidogo tu, ingawa kipimo hicho si cha kuapia. Kama ringi zingekuwa zimekwisha, mpira mpya usingeokoa kitu, nami ningemwambia hivyo hivyo. Siku mbili za kwanza moshi ulibaki kidogo, oili ya zamani ikiungua ndani ya ekzosi. Siku ya tatu alipanda kilima akitazama kioo cha nyuma, na barabara ilikuwa nyeupe.

Stiki imetulia. Sili ya mbele imepunguza kuvuja lakini haijapona, kwa hiyo ameagiza nyingine. Injini hii huendeshwa kwa mkanda wa taimingi uliopo pale pale mbele, na mkanda uliokwisha kulowa oili hauaminiki. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Nao utabadilishwa siku hiyo hiyo. Magunia ya kahawa bado yako stoo.