Kuunda Ndege za Mfano kwa Kipimio

Mkazi wa Vingunguti, katika Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa ndege ni kitu gani. Kata hiyo, ijulikanayo zaidi kwa machinjio yake na kwa viwanda vya Barabara ya Nyerere, iko jirani na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na ndege zinazopaa na kutua huonekana hapo kutwa. Si ajabu, basi, kwamba watoto wa mahali kama hapo huunda ndege kwa chochote kilicho karibu: mabua, waya, maboksi, hata ndala zilizochakaa. Ufundi wa vitu hivyo si haba. Lakini mwanafunzi akipewa rula, akaipima ndege aliyoiunda na kuilinganisha na ile halisi, aghalabu atagundua kwamba kiwiliwili amekirefusha mno na mabawa ameyafupisha mno.

Sababu yake ni kwamba ndege huitazama kwa ubavuni, na kwa ubavuni bawa halionekani kwa urefu wake. Chukua mathalan Boeing 787-8 ya Shirika la Ndege la Tanzania. Kutoka pua hadi mkia ina mita 56.7, kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ina mita 60.1. Ndege hiyo ni pana kuliko ilivyo ndefu! Msomaji asiyeamini na aichore kwanza kwa kukisia, kisha apime.

Hapo ndipo sanaa hii inapotengana na mchezo wa watoto. Ndege ya mfano iliyoundwa kwa kipimio ni ile ambayo kila urefu wake umepunguzwa kwa uwiano mmoja tu, kama ramani inavyoipunguza nchi. Pembe, kwa upande wake, hazipunguzwi hata kidogo: bawa lililolala nyuma kwa nyuzi 30 katika ndege halisi litalala kwa nyuzi 30 katika modeli, iwe kubwa au ndogo. Jambo hili huwasumbua wanafunzi wengi wanaoanza.

Katika nchi za viwanda, wapenzi wa sanaa hii hununua vipande vilivyokwisha tengenezwa, vimepangwa ndani ya sanduku pamoja na mchoro wa kuviunganisha. Vipimio vyao humshangaza mtu aliyezoea mfumo wa metriki: 1:72, 1:48, 1:144. Asili yake ni futi na inchi za Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 modeli za mbao ziitwazo Skybirds zilitolewa kwa kipimio cha inchi moja kwa futi sita, na futi sita ni inchi 72. Mwaka 1936 yakafuata masanduku ya Frog Penguin, yenye vipande vya plastiki, na mwaka 1953 kampuni ya Airfix ikatoa ndege yake ya kwanza, Spitfire. Kipimio cha 1:144, ambacho ni nusu ya 1:72, hutumika sana kwa ndege kubwa za abiria.

Zaidi ya burudani, modeli hizi zilipata kazi nzito wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo zitengeneze modeli 500,000 za mbao kwa kipimio cha 1:72, ili askari wajifunze kutambua ndege za adui na za kwao. Wanafunzi walizichonga katika karakana za shule. Kanuni iliyotumika ni ya pembetatu zinazofanana: modeli ya 1:72 ikiwekwa mita 10 kutoka kwenye jicho, huonekana kwa ukubwa uleule wa ndege halisi iliyo umbali wa mita 720.

Kanuni hiyo yaweza kujaribiwa Vingunguti bila gharama, wala hakuna haja ya kuukaribia ua wa kiwanja. Nyosha mkono wenye rula, na mwenzako apime umbali kutoka jicho lako hadi kwenye rula. Tuseme ni sentimita 60. Ndege ya aina ya Airbus A220-300 ikipita, soma upana wa mabawa yake juu ya rula. (Kamwe usifanye hivi ndege ikiwa upande wa jua.) Ukisoma sentimita 6, basi umbali wa ndege ni mara kumi ya upana wake halisi, ambao ni mita 35.1, yaani mita 351. Modeli ya ndege hiyo kwa kipimio cha 1:100, ikiwekwa mita 3.51 mbele yako, italiziba rula kwa kiasi kilekile.

Nimetaja 1:100 kwa makusudi. Kwa shule zetu hicho ndicho kipimio bora kuliko vile vya madukani, kwa kuwa mita moja ya ndege huwa sentimita moja ya modeli. Uzuri wake wazidi tukifika kwenye eneo na uzito. Urefu ukigawanywa kwa 100, eneo hugawanywa kwa 10,000, na ujazo kwa 1,000,000. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya bawa huwa sentimita moja ya mraba, na tani moja ya uzito huwa gramu moja! A220-300, ambayo huruka ikiwa na karibu tani 70 na ina bawa la mita za mraba 112, yapaswa kuwa modeli ya gramu 70 yenye bawa la sentimita za mraba 112.

Je, modeli hiyo itaruka? Kani inayoinua ndege hutegemea eneo la bawa na mraba wa mwendo. Uzito umepungua mara milioni, eneo mara elfu kumi tu. Tofauti ni mara 100, ambayo kipeuo chake cha pili ni 10. Kwa nadharia, mahali ambapo ndege halisi inahitaji kilomita 240 kwa saa, modeli itahitaji 24. Katika matendo haiwi rahisi hivyo, kwa sababu bawa dogo lisilokwenda kasi huathiriwa zaidi na mnato wa hewa, na kani yake ya kuinua hupungua. Ndiyo maana wanaounda modeli za kurusha huongeza ukubwa wa bawa na wa mkia, na hivyo kuacha kipimio. Mwundaji hana budi kuchagua: ifanane, au iruke. Anayetaka yote mawili kwa mara ya kwanza atapoteza manila nyingi.

Manila, ndiyo, kwa maana masanduku ya vipande hutoka ng'ambo na bei yake si ya mwanafunzi. Manila, rula, bikari, wembe, gundi na chelewa za ufagio zatosha. Kiwiliwili cha A220 kina kipenyo cha karibu mita 3.5, katika modeli ni sentimita 3.5, na mzingo wake ni sentimita 11. Kata manila ya upana huo, ongeza nusu sentimita ya kubandikia, kisha ikunje. Gundi ipakwe nyembamba, kwani ikizidi maji manila hupinda. Chelewa hupita ndani ya bawa na kulizuia lisilegee. Pua ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa haikunjiki kwa upande mmoja tu. Hujengwa kwa pia zilizokatwa ncha, tatu au nne, kila moja ikiwa na mteremko mkali kuliko ya nyuma yake. Unene nao una mipaka yake: manila ya robo milimita ni sawa na bati la sentimita 2.5 katika ndege halisi, jambo ambalo hakuna mhandisi angelikubali. Hata masanduku ya plastiki yana kasoro hiyo kwenye kingo za mabawa. Anayetumia gundi ya plastiki afungue madirisha, kwani mvuke wake una madhara.

Mwalimu akitaka ndege yenye historia, na achague Super VC10. East African Airways ilinunua tano, ya kwanza mwaka 1966. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizosalia zilirudishwa Uingereza na baadaye zikageuzwa kuwa ndege za kujaza mafuta angani. Mojawapo, iliyosajiliwa Tanzania kwa alama 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa, mwaka 1970, na iliruka hadi Septemba 2013.

Umbo lake ni somo. VC10 ilibuniwa kwa viwanja vya joto na vya nyanda za juu kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi. Kwa hiyo injini zote nne ziliwekwa nyuma, mbili kila upande wa mkia, ili bawa lote libaki huru kuinua. Kwa kipimio cha 1:100 urefu wote kutoka pua hadi mkia uwe sentimita 52.3, na mabawa sentimita 44.6 kutoka ncha hadi ncha. Bawa la nyuma huketi juu kabisa ya mkia wa wima, na kwa kuwa ni zito kwa manila, chelewa ya mkia ipitishwe hadi ndani ya kiwiliwili kabla ya kukifunga.