Mlango wa Nchi ya Kubuni

Mtoto wa Ufipa haingii kwanza katika nchi ya kubuni kwa kusoma. Huingia kwa kusikia. Kabla hajajua herufi, amekwisha kusafiri na wanyama wasemao katika hadithi za Kifipa, ambazo Roy Willis alizikusanya na kuzitoa kitabuni mwaka 1978. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili tunapomkaribisha katika riwaya ya Kiswahili.

Tuchukue *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951. Nchi hiyo imo angani, na wajumbe wake sita walitumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kiswahili chake ni kizito (hata watu wazima hukwama), wala si kitabu cha kusomeshwa chote katika shule ya msingi. Mwalimu anayeanza na msamiati huufunga mlango, na wako wanafunzi wasiourudia tena maishani.

Kwa darasa la saba twashauri hivi. Uliza kwanza nani amesimama ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa akaliona bonde la Rukwa chini yake. Aliyekwisha kutazama nchi kutoka juu hapati taabu kuwaza nchi iliyo juu zaidi. Kisha simulia, kwa maneno yako, safari ya mjumbe mmoja tu, ukomee pale anaporudi nyumbani na kutiwa gerezani. Usieleze kwa nini. Kitabu, hata kikiwa kimoja, kiache mezani. Atakayekuja kukiazima amekwisha kuingia. Maswali ya ufahamu yangoje wiki ijayo.