Pikipiki Kuukuu ya Safari: Jinsi ya Kuinunua kwa Bei Nafuu na Kuifufua

Katika mtaa wa Kaptembwo, upande wa magharibi wa Nakuru, pikipiki ni chombo kijulikanacho na watu wote, wakubwa kwa wadogo. Tangu alfajiri waendeshaji wa bodaboda huwachukua wafanyakazi na wachuuzi kuwapeleka mjini, nao mafundi wa jua kali hushika spana kando ya njia mpaka jua linapotua. Nyingi za pikipiki hizo ni ndogo, zenye injini ya cc 100 hadi 150, nazo zimetengenezwa India au China.

Lakini iko pikipiki ya namna nyingine, nayo ni ile kubwa ya safari, iwezayo kumchukua mtu pamoja na mizigo yake kutoka Nakuru hadi Kisumu au Eldoret na kumfikisha angali na nguvu. Ikiwa mpya, bei yake huwashinda watu wengi. Kwa hiyo wako watafutao iliyo kuukuu ili waifufue kwa mikono yao. Jambo hili ni jema, nalo lamfundisha mtu kazi. Lakini asiyejua taratibu zake aweza kupoteza akiba ya miaka mingi, au kushtakiwa mahakamani, au hata kupoteza uhai wake barabarani. Yafaa basi tulieleze hatua kwa hatua.

MAHALI PA KUIPATA

Pikipiki kuukuu hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa mtu binafsi, ambaye labda chombo chake kimekaa ghalani miaka kadha wa kadha. Ya pili ni katika mnada. Vyombo vya Serikali vilivyochakaa huweza kuuzwa kwa zabuni au kwa mnada wa hadhara, kama iruhusuvyo Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015, nayo matangazo hutolewa kwanza ili watu wote wapate habari. Mnunuzi na akumbuke kwamba katika mnada kitu huuzwa kama kilivyo na mahali kilipo. Nyundo ikiisha kugonga, hapana kurudisha wala kulalamika. Kwa hiyo yampasa kwenda siku ya ukaguzi, wala asingoje siku ya mnada yenyewe.

HATI KABLA YA FEDHA

Kabla hujaitazama injini, itazame hati. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Soma nambari ya chesisi iliyogongwa katika chuma karibu na shingo ya usukani, na nambari iliyogongwa katika injini, kisha uzilinganishe na logbuku, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona chuma kimesuguliwa kwa tupa, au tarakimu zimepinda na hazilingani kimo, ondoka. Kisha omba nakala ya kumbukumbu za chombo hicho kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, upate kujua mwenyewe ni nani, na kama benki au mkopeshaji ana haki juu yake.

Jambo hili si la mzaha. Kwa Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya, mtu apokeaye mali ya wizi, hali akijua au akiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa, aweza kufungwa kifungo cha hadi miaka 14. Bei ya chini kupita kiasi, pamoja na hati isiyoonekana, ni sababu ya kutosha ya kumtia mtu shaka.

Uhamisho wa umiliki siku hizi hufanywa kwa njia ya eCitizen: mwenye kuuza huuanzisha katika akaunti yake, naye mnunuzi huukubali katika yake. Usitoe fedha zote kabla ya jambo hilo kuanzishwa mbele ya macho yako. Sheria ya Trafiki yakataza chombo kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadili mikono, ikiwa mwenyewe mpya hajaandikishwa.

AINA YA KUCHAGUA

Uzuri wa pikipiki kuukuu hauko katika rangi yake, bali katika kupatikana kwa vipuri vyake. Zamani pikipiki za BSA zilisifiwa sana, lakini kampuni hiyo ya Birmingham, Uingereza, ilianguka katika mwaka 1973, na mwenye BSA leo hana budi kutafuta vipuri vyake kwa wauzaji wachache wa ng'ambo. Royal Enfield nazo zilianza Uingereza, lakini zilianza kuunganishwa Madras, India, mwaka 1955, nazo zingali zikitengenezwa India mpaka leo.

BMW zenye silinda mbili zilizolala, moja kushoto na moja kulia, zatokana na umbo lililoanza mwaka 1923. Silinda zake zatoka nje penye upepo, kwa hiyo hupoa vizuri. Na gurudumu la nyuma huzungushwa kwa mtaimbo badala ya cheni, hivyo mwenyewe hana cheni ya kukaza wala kupaka mafuta. Lakini vipuri vyake ni ghali. Honda na Yamaha za silinda moja hazina fahari hiyo, ila mafundi wengi wazifahamu. Kwa mtu anayeanza, fahari na ingoje.

KUIKAGUA

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda mchana, wala usikubali kuonyeshwa chombo wakati wa mvua au usiku. Weka mkono karibu na injini: ikiwa imekwisha pata moto kabla ya wewe kufika, jiulize kwa nini. Injini mbovu huwaka kwa urahisi ikiwa moto, lakini asubuhi ya baridi ya Nakuru huifichua.

Ikiisha kuwaka, tazama moshi. Moshi wa samawati usiokoma ni dalili kwamba oili yaungua ndani ya silinda, labda kwa sababu ringi zimelika au mipira ya valvu imekauka. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ni mvuke tu, nao hukoma upesi.

Kisha inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole. Ukisikia unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma, ulisukume huku na huku. Likicheza, tafuta sababu. Gonga spoki moja moja kwa spana: iliyokazwa hulia kama kengele, na iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Nyosha uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, ili ujue kama fremu imepindika kwa ajali. Fremu iliyopindika ni sababu ya kuacha, hata bei ikiwa ya kutupa.

Chungulia ndani ya tangi kwa kutumia tochi. Usiwashe kiberiti kamwe, maana tangi lionekanalo tupu limejaa mvuke wa petroli, nao hulipuka upesi kuliko petroli yenyewe.

HESABU YA KWELI

Watu wengi hufurahia bei ya kununua, wasihesabu bei ya kufufua. Tufanye mfano. Mtu amenunua pikipiki kwa shilingi 90,000. Tairi mbili zamgharimu 18,000, betri 6,000, cheni na sproketi 9,000, kuchonga silinda, pistoni, ringi na gasketi 25,000, breki 5,000, nyaya 4,000, rangi 8,000. Matengenezo yamefika shilingi 75,000. Na aongeze sehemu moja ya tano ya hizo kwa mambo asiyoyatazamia, yaani 15,000. Jumla yote ni shilingi 180,000, mara mbili kamili ya bei aliyojisifia. Hizi ni tarakimu za mfano tu, lakini msomaji na aandike zake mwenyewe kabla ya kutoa fedha, wala si baadaye. Ikiwa jumla yakaribia bei ya chombo kizima kilicho kizuri, basi iliyo rahisi imekuwa ghali.

KUIFUFUA

Yafaa kazi ifuate utaratibu: kwanza kinachosimamisha, kisha kinachoendesha, na mwisho kinachopendeza macho. Wengi huanza na rangi, wakaishiwa fedha kabla ya kufika kwenye breki.

Breki za mafuta zataka mafuta yake mapya, maana hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka ipitavyo. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Usitie oili ya injini mahali pake, kwani huharibu mipira na breki hushindwa ghafula. Breki kuukuu za ngoma huenda zikawa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usilipulize kwa upepo wala kwa kinywa. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Tairi yaweza kuonekana nzima, kumbe imezeeka. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni juma, na mbili za pili ni mwaka. Penye 1409, tairi ilitengenezwa katika juma la 14 la mwaka 2009. Mpira wa umri huo umekuwa mgumu, haushiki lami iliyolowa.

Tangi lenye kutu litie nati na bolti kuukuu pamoja na siki, ulitikise, uliache usiku kucha, kisha ulisafishe kwa maji yenye magadi kidogo na kulikausha kabisa. Safisha kabureta na ubadilishe mipira yake. Weka nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Pima umeme: katika mtambo wa volti 12, betri yapasa kupata kama volti 13.5 hadi 14.5 injini inapokwenda kasi. Ikipata pungufu, betri mpya itakufa kama ile ya zamani.

Kila unachokifungua kiandike, na kila bolti itie katika kikopo chenye jina lake. Ukibadilisha injini au rangi, hakikisha daftari la usajili linarekebishwa.

HEWA YA NCHI YA JUU

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kani ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa. Injini hupata hewa kidogo, lakini kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli ile ile. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi yenye masizi na nguvu kidogo. Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi. Lakini mwenye kuteremka pwani hana budi kuirudisha jeti ya kwanza, maana petroli ikipungua mno injini hupata moto na pistoni yaweza kutoboka. Kwa hiyo yule aliyenunua pikipiki Mombasa asimlaumu aliyemwuzia kabla ya kuitazama jeti.

SAFARI YA KWANZA

Ukiisha kutia ringi mpya, usikimbilie safari ndefu. Katika kilomita 800 za mwanzo usifungue ekseleta mpaka mwisho, wala usipande milima kwa gia kubwa. Badilisha oili mapema, maana hubeba vumbi la chuma. Anza kwa kwenda Njoro na kurudi, ukaze tena kila bolti. Baadaye ujaribu barabara ya Baringo kupita Mogotio, penye mstari wa Ikweta, hadi Marigat, safari ya kama kilomita 100. Huko nchi ni ya chini na joto ni kali, nawe utajua kama injini yapoa ipasavyo.

Usitoke bila bima, leseni ya daraja la pikipiki na koti liakisilo mwanga. Na helmeti ni wajibu kwako na kwa abiria wako, kama sheria isemavyo.

Mtu aliyefuata njia hii huenda asiwe na pikipiki ya kung'aa kuliko zote katika Kaptembwo. Lakini atakuwa na chombo ambacho hati yake ni halali, breki zake zashika, na kila sauti yake aifahamu. Na siku kitakapomsimamisha njiani, atajua pa kutia spana.