Mpini na jembe visipolingana, mkulima hupoteza msimu

Mkazi wa mjini Tabora anayelima kipande chake cha ardhi huko Ntalikwa hununua jembe, mara nyingi, kwa namna moja. Huingia dukani, huchagua bapa linalong'aa kuliko mengine, hutupia jicho mipini iliyosimamishwa mlangoni, huchukua ule ulionyooka, kisha huondoka. Wiki mbili baadaye, matuta yakiwa hayajafika nusu ya shamba, jembe limeanza kupwaya, viganja vimetoa malengelenge na kazi iliyopangwa kumalizika Jumamosi imesogezwa mbele.

Ntalikwa ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, lakini maisha yake ni ya shamba zaidi kuliko ya barabara ya lami. Mvua huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika muda huo mkulima hana budi kuinua matuta, kupanda, kupalilia na kuinulia udongo tena. Anayechelewa kuinua matuta huchelewa kupanda, na mahindi yaliyochelewa hukabiliwa na hatari ya kukosa mvua wakati yanapobeba. Kwa hiyo suala la mpini, ambalo kwa mtu wa ofisini laweza kuonekana dogo, lina uhusiano wa moja kwa moja na gunia linaloingia ghalani.

Unyamwezi si mgeni wa jambo hili. Richard Burton na John Speke walipowasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, jembe la chuma lilikuwa bidhaa inayojulikana katika njia yote ya misafara. Wahunzi wa Kirongo, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, waliyeyusha chuma na kufua majembe, na wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi wakayasafirisha hadi kwenye masoko ya Tabora na mbali zaidi. Yalilipiwa mahari na yalibadilishwa kwa chakula na mifugo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kilichosafirishwa kilikuwa bapa peke yake, pamoja na mkia wake. Mpini ulichongwa na mnunuzi mwenyewe nyumbani kwake, kwa mti wa kwao na kwa kimo chake. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipozagaa wakati wa ukoloni, hasa baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912, uhunzi huo ulififia. Hata hivyo desturi ya kununua bapa na mpini kando kando imebaki hadi leo, na ndiyo inayomlazimu mnunuzi kujua kipi kinaingia katika kipi.

Kwa kawaida kuna namna mbili za kuunganisha. Ya kwanza ni ile ya kale, ambapo bapa lina mkia uliochongoka unaopenya katika kichwa kinene cha mpini. Ya pili ni ya jembe lenye tundu, yaani pete ya chuma iliyo sehemu moja na bapa, ambamo mpini wenyewe hupitishwa. Mpini wa aina ya kwanza haufai kwa aina ya pili, wala wa pili haufai kwa wa kwanza, na hapo ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Anayenunua mpini wenye kichwa kama rungu akiwa na jembe la tundu nyumbani atalazimika kukichonga kichwa hicho chote, na akimaliza atakuwa amebaki na fimbo isiyo na sehemu nene ya kukaba.

Katika jembe la tundu, siri yote imo katika kupungua kwa unene wa mpini. Mpini mzuri huwa mnene upande wa jembe na hupungua kidogo kidogo kuelekea mkononi. Huingizwa kwa kutanguliza ncha nyembamba, huvutwa mpaka sehemu nene inapokaba ndani ya tundu, na kuanzia hapo kila pigo hulivuta bapa kwa nje na kulizidishia mkazo. Hauhitaji msumari. Mpini wenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, mfano wa mpini wa ufagio, hauna cha kulizuia bapa, nao wenye maduka huutetea kwa kabari na vipande vya mpira wa tairi. Kabari ina kazi yake, lakini mpini unaodai kabari tatu siku ya kwanza ni mpini usiofaa.

Umbo la tundu nalo litazamwe. Yapo matundu ya mviringo na yapo yaliyobanwa kidogo kama yai. Mpini wa mviringo ukiwekwa katika tundu la yai hugusa pande mbili tu, na bapa huanza kuzunguka linapokutana na kisiki. Njia nyepesi ya kupima ni kupaka majivu au masizi ndani ya tundu, kuingiza mpini, kuugonga mara moja kisha kuutoa. Mahali palipopata weusi ndipo panapogusa. Alama ikizunguka mpini wote, vitu hivyo viwili vinalingana. Ikiwa upande mmoja, kuna kazi ya tezo.

Kwa jembe la mkia, mafundi hutoboa tundu dogo kuliko unene wa mkia, kisha huuchoma mkia huo motoni mpaka uwe mwekundu na kuusukuma ndani ya kichwa cha mpini. Chuma hujichomea njia yake na kukaa barabara. Tahadhari ni mbili. Kwanza, moto usifike kwenye bapa, kwa kuwa chuma kilichokomazwa kiwandani hulegea kikipata joto kubwa na makali yake hayadumu tena. Kitambaa kilicholoweshwa maji huzungushiwa bapa kwa ajili hiyo. Pili, kichwa cha mpini kiwe kimetokana na shina la mti karibu na mizizi, au mahali tawi lilipochipukia, ambako nyuzi za mti zimesokotana. Kichwa kilichotoka katika gogo lenye nyuzi zilizonyooka hupasuka kama kuni.

Jambo hili la kulinganisha ncha na tundu halikuishia kwa wakulima. Wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao Nairobi ina timu yake ya Ice Lions, nao huweza kununua gongo la vipande viwili: mpini mwepesi wa nyuzi za kaboni na bapa lake kando. Mipini mingine hupungua unene kuelekea chini, na hiyo hupokea tu bapa lenye ncha nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili yake. Bapa la kawaida haliingii. Ncha hupashwa moto, gundi ikayeyuka, vikaunganishwa. Mhunzi wa Kirongo asingeshangazwa sana na utaratibu huo.

Lakini kwa nini mpini uwe mwepesi? Uzito unaohitajika katika jembe ni ule wa bapa, kwa kuwa ndio unaopasua udongo. Uzito wa mpini hunyanyuliwa bure. Tuseme mkulima hunyanyua jembe mara 20 kwa dakika na hufanya kazi saa 4: atakuwa amelinyanyua mara 4,800. Mpini uliozidi kwa gramu 300 tu utakuwa umemwongezea, kwa asubuhi hiyo moja, mzigo wa kilo 1,440, karibu tani moja na nusu. Mpini unaopungua unene hupunguza uzito pasipohitajika na kuuacha pale penye kupata kishindo, yaani karibu na bapa.

Hapa ndipo uchaguzi wa mti unapoingia. Mpingo ni mgumu na hudumu, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ni mti wa kuchonga vinyago na zumari, si wa kunyanyuliwa mara elfu nne. Mkaratusi hupatikana kirahisi na mipini yake huwa imenyooka, ila ukichongwa mbichi hupinda na kupasuka unapokauka. Mninga una uzito wa wastani na hautikisiki sana kwa unyevu, na mabaki yake katika karakana za maseremala yanatosha kutoa mpini mzuri iwapo nyuzi zake zimenyooka. Mkole, ambao wazee waliupenda kwa pinde na fimbo, ni mwepesi kiasi na hunepa bila kuvunjika, jambo linalopunguza mtikisiko unaofika kwenye kiwiko jembe linapogonga jiwe. Miti hiyo haipatikani kama zamani, kwa sababu misitu ya miombo ya Tabora imetoa kuni za kukaushia tumbaku kwa miongo mingi, na kukata mti katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa.

Mnunuzi anapoushika mpini autazame kwa urefu, jicho likiwa kwenye ncha, kama anayelenga. Nyuzi ziende sambamba na mpini toka mwanzo hadi mwisho; nyuzi zinazokatiza na kutokeza ubavuni ndizo mahali mpini utakapovunjika. Kifundo karibu na kichwa ni sababu tosha ya kuurudisha. Rangi iliyopakwa mpini mzima nayo itiliwe shaka, maana huficha nyufa na vifundo, na mkono ukitoka jasho huteleza.

Urefu ni mjadala mwingine, na si wa kitaalamu peke yake. Mpini mfupi huinamisha mgongo kutwa nzima. Mwaka 1975 jimbo la California nchini Marekani lilipiga marufuku matumizi ya jembe la mpini mfupi mashambani baada ya vibarua kulalamika kwa miaka mingi kuwa linawaharibu migongo. Barani Afrika, utafiti wa zana za wanawake wakulima uliochapishwa mwaka 1998 na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, katika nchi tano ikiwemo Uganda na Zambia, ulikuta kwamba katika baadhi ya maeneo kulima kwa mpini mrefu, mtu akiwa amesimama, huhesabiwa kuwa uvivu. Dhana hiyo haina msingi na imewagharimu wanawake wengi migongo yao. Hata hivyo mpini mrefu mno una kasoro zake: ni mzito zaidi, na katika palizi ya mche mdogo wa tumbaku hukosa shabaha. Kwa kuinua matuta, mpini unaofika kiunoni au juu yake kidogo mkulima akisimama wima ni mwanzo mzuri. Kwa palizi waweza kupungua. Mume na mke wenye vimo tofauti hawana sababu ya kugawana jembe moja.

Kuhusu bapa lenyewe, lile pana na zito hufaa udongo laini wa kichanga, ambapo pigo moja hubeba udongo mwingi wa tuta. Katika mbuga zenye udongo wa mfinyanzi, au palipo na mawe, bapa jembamba hupenya vizuri zaidi. Bapa likigongwa kwa chuma kingine hutoa mlio. Mlio mrefu unaolia kama kengele ni dalili ya chuma kizima. Mlio mfupi uliofifia huashiria ufa, au pete iliyounganishwa vibaya kwa kuchomelewa. Mahali pete inapokutana na bapa ndipo pa kukagua kwa makini zaidi, kwa kuwa bapa linalokatika shingo wakati wa kupiga huweza kumjeruhi aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati. Juni 2015, katika mkutano wa viongozi wa Umoja wa Afrika mjini Johannesburg, ilizinduliwa kampeni ya kulipeleka jembe la mkono makumbusho, na viongozi walikabidhiwa mashine ndogo za kulimia. Nia ni njema. Lakini trekta haliingii katika kila kipande chenye visiki, na palizi katikati ya mistari bado hufanywa kwa mkono.

Jembe likishafungwa, lisitumbukizwe majini usiku kucha ili libane, kama wengi wafanyavyo. Mti huvimba na kubana kweli, lakini ukikauka husinyaa kuliko ulivyokuwa na jembe hupwaya zaidi. Lililolegea huvuliwa, mpini ukachongwa kidogo mahali panapogusa, kisha ukakazwa upya kwa kugonga kitako chake kwenye gogo. Bapa lililolika kwa misimu kadhaa nalo lina kazi bado: likiwekewa mpini mfupi na mwembamba huwa jembe la palizi.