Mpingo wa Kilwa: Kijiji kikipanga bei, msitu hulipa

Mfanyabiashara wa mbao anayeingia wilayani Kilwa, mkoani Lindi, ana milango miwili ya kununulia. Mmoja ni msitu wa Serikali Kuu, ambao husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mwingine ni ofisi ya kijiji chenye msitu wake, ambako mnunuzi hukaa na viongozi na kupatana bei. Mlango huu wa pili umewafundisha wengi kwamba sheria ya mazingira si lazima iwe adui wa faida.

Hali haikuwa hivyo zamani. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, usafiri wa malori kwenda kusini ulirahisika na biashara ya magogo ikapamba moto. Leseni, mrabaha, nyundo ya kugonga magogo na hati ya kusafirishia vyote vilikuwepo kisheria. Hata hivyo, ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa taifa lilikuwa likipoteza Dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka, mapato ya mbao yasiyokusanywa.

Sababu moja ilikuwa wazi. Mwanakijiji aliambulia ujira wa kukata na kupakia tu. Gogo la wizi na gogo la halali yalimlipa sawasawa, hivyo hakuwa na haja ya kulinda chochote.

Hesabu hiyo ilibadilishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Kijiji kinachotenga msitu wake, kikaandaa mpango wa usimamizi na kutunga sheria ndogo, kinaweza kuuza mazao, kujipangia bei na kubaki na mapato. Anayeiba gogo sasa anaiba fedha za kijiji, na doria hufanywa na watu wanaoujua kila mti.

Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Cheti hicho kina uzito sokoni kwa sababu mpingo hununuliwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya, ambao wateja wao huuliza mti umetoka wapi.

Masharti yana gharama. Miti hupimwa, kiwango cha kuvuna huwekwa na wakaguzi hurudi kila mwaka. Mpingo huchukua miongo kadhaa kukomaa, hivyo kijiji hakiwezi kuongeza mapato kwa kukata zaidi. Njia iliyobaki ni kuuza kidogo kwa bei nzuri, na hiyo ndiyo tija ya kweli ya msitu.

Hatari kubwa ni kanuni kubadilika. Kanuni za Misitu za mwaka 2019 zilirudisha sehemu ya maamuzi ya uvunaji kwenye ngazi ya wilaya, na watetezi wa misitu ya vijiji walilalamika kuwa biashara yao ilikwama. Kijiji kisichoweza kuuza kwa wakati hukosa fedha za doria, na msitu usio na doria hurudi mikononi mwa wezi. Mnunuzi naye hubaki na mtaji uliolala.

Kwa mwenye mtaji mdogo, mambo matatu ni ya kuangalia kabla ya kutoa malipo ya awali: mpango wa uvunaji wa kijiji unaruhusu aina na kiasi anachotaka, kibali cha wilaya kipo mkononi, na risiti, alama ya nyundo na hati ya kusafirishia vinalingana. Anayetaka kuuza nje kwa jina la FSC akumbuke kuwa cheti cha msitu hakitoshi. Kila anayeimiliki mbao hiyo njiani lazima awe na cheti chake, vinginevyo mpingo wa Kikole utauzwa kama mpingo wowote.